Mama Hali Chakula Changu

Jumanne, 12 Agosti 2025

Kliniki leo. Mwendwa ameongeza uzito. Sindano hakulia sana, mimi ndio nililia kidogo.

Sista Hidaya alitukalisha akina mama wote kwa benchi. Akasema leo si ya watoto, leo ni yetu. Ati tujifunze kula kwa kusikiliza mwili. Kabla ya kula jiulize, nina njaa ama ni saa ya kula tu imefika? Katikati simama kidogo, usikie. Ukishiba wacha, usimalize kwa sababu sahani inakuangalia. Na usijinyime kwa sababu ya midomo ya watu. Hata ukiwa safari, hata hotelini — hapo ndipo watu husahau tumbo wakakula na macho.

Mama mmoja akauliza, na kama chakula hakuna, tumbo likiongea nilijibu aje? Tulicheka! Sista pia alicheka, halafu akasema hilo ni swali la kweli. 

Kisha akatuuliza mmoja mmoja tunapenda kula nini. Kufika kwangu nikasema chochote. Akasema chochote si chakula, mama Mwendwa. Akaningoja. Nikaangalia viatu.

Nimelifikiria njia yote. Napenda nini? Hapa Kibirichia tunakula viazi, kabeji, maziwa. Ni vizuri, sisemi ni vibaya. Lakini kwetu Kiritiri nilikuwa najua. Mama akipika githeri ya mbaazi, mahindi na mbaazi pamoja kwa chungu cha udongo, nilikuwa naisikia na pua nikiwa bado kwa barabara ya shule. Hakuna mtu alikuwa ananiuliza unapenda nini. Miguu ilikuwa inakimbia yenyewe.


Alhamisi, 14 Agosti

Nilijaribu ya Sista. Mama Riungu, mama mkwe wangu, aliniwekea mukimo, viazi vya kupondwa na mahindi, kama kawaida yake — mlima. Nikala nusu. Nikasimama. Nikasikiliza. Tumbo likasema imetosha. Nikaweka sahani chini.

Haiya! Akaangalia sahani, akaniangalia mimi. Kwani nimeweka nini ndani? Nikamwambia si wewe, ni Sista amesema tusikilize mwili. Akauliza Sista anajua unanyonyesha? Sista amewahi kunyonyesha huku akipalilia viazi? Riungu, mume wangu, alicheka mpaka akakohoa.

Nikamaliza yote.

Ni mama mzuri. Nikiwa na mtoto mchanga alikuwa ananipikia uji wa wimbi alfajiri na usiku, na mkono wake mwenyewe ananishikia kikombe. Siwezi kumkosea. Lakini ni kweli pia, tangu nifike hapa sijawahi kusikia njaa hata siku moja. Wananilisha kabla haijafika.


Jumamosi, 16 Agosti

Nimeongea na mama kwa simu. Alipanda kule juu kwa mawe ndio apate network, nilikuwa nasikia upepo. Mwendwa anaketi? Anaketi. Ana meno? Mawili. Akanyamaza. Nikajua analia, na yeye akajua nimejua, akasema hii upepo!

Hajawahi kumwona. Hajawahi kumbeba.

Niliandike lilivyo. Nilikuja kwa Riungu tu, na mimba, bila mtu kwetu kuulizwa. Kwetu mbuzi za kwanza za mahari zisipopelekwa, wazazi wa msichana hawaonji kitu cha huyo mwanamume. Hata chai. Kuonja ni kama kusema tumemtoa bure. Na baba, mzee Kivuti, akaongeza yake: nisikanyage boma lake mpaka watu wa Riungu waje na hizo mbuzi. Kwa hivyo mama hawezi kula kwangu, na mimi siwezi kufika kwake.

Riungu hajakataa. Alikuwa apeleke mwaka huu, lakini baridi ilichoma viazi, shamba lote likawa jeusi kama limemwagiwa maji moto. Ndio tunaanza tena.

Sasa leo nikiwa nafua nguo nikapata akili. Riungu hupeleka viazi vya majirani Embu kwa wenye hoteli. Hoteli si kwa Riungu! Na si kwa baba. Ni kwa kila mtu. Mama anaweza kutoka Kiritiri afike Embu asubuhi. Tukae meza moja, tule, aondoke aende.

Nimemwambia Riungu. Akasema twende Alhamisi.

Kula na mama! Sijakula na mama tangu mwaka jana.


Alhamisi, 21 Agosti

Tumerudi. Nimechoka, tumbo linaniuma, wacha niandike tu.

Tulitoka na pikapu ya viazi giza bado. Tulipofika Nkubu, Riungu akasimama. Husimama Nkubu kila safari — njaa iwepo isiwepo, hiyo gari imezoea. Weita akaja kama amefukuzwa: kuna chapati madondo, chapati karanga, ugali matumbo, mchele ndengu, chai mandazi, mnakula nini? Riungu akasema chapati karanga mbili. Nikakumbuka Sista. Nikasema mimi ngoja kwanza. Weita akangoja na kiuno kimeinama upande. Riungu akangoja. Mwanamume wa meza ile ingine pia akangoja! Nikauliza tumbo. Tumbo likasema halina njaa, lina wasiwasi. Nikasema chai tupu. Weita akaondoka akisema ati hiyo yote ilikuwa ya chai tupu.

Embu ni hoteli ya mzee anaitwa Abubakar, karibu na soko. Anauziwa viazi na Riungu. Yeye na msichana wake wa kazi, Aminah, na bango limeandikwa usile chakula cha nje hapa. Riungu ana heshima, kwao mtu hakai meza moja na mama wa bibi yake. Kwa hivyo akaenda kwa kaunta kwanza, akaagiza pilau mbili na nyama, kachumbari juu, akalipa, akaenda kuteremsha viazi huko nyuma. Ili nikae na mama peke yetu. Alikuwa amefanya vizuri, aki.

Mama akaingia. Nilikuwa nimesahau ni mfupi. Amekonda. Alikuwa na ile sweta ya kijani na kitambaa kipya. Hakunisalimia mimi, alichukua mtoto moja kwa moja, akamwita mume wake, vile nyanya huita mjukuu. Mume wangu! Kumbe ndio unakaa hivi, na hukunitumia hata picha! Mwendwa akamshika pua. Hakulia hata. Yeye hulilia wageni wote.

Pilau ikaja. Mama akaangalia. Akauliza nani ameagiza? Nikasema — bila kufikiria, na furaha — ni Riungu, amelipa tayari, mama kula!

Akasukuma sahani kidogo. Kidogo tu, kama mtu anapangusa kitu mezani. Akasema nimeshiba, nilikunywa uji.

Nikamwambia mama, hapa ni hotelini, si kwake. Akasema pesa ina mguu, Gatakaa, inatoka kwa mtu. Akarudi kucheza na mtoto. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali akasirike.

Nilikula yangu. Halafu nikala yake. Sikuwa na njaa, sikuwa hata nasikia ladha, nilikuwa naogopa Riungu akirudi aone sahani imejaa aone aibu. Kijiko juu ya kijiko. Mama ananiangalia nikila na macho yale ya zamani, ya kuhesabu kama mtoto ameshiba.

Riungu akasalimia kutoka mlangoni, kofia mkononi. Mama akaitikia vizuri. Akatuombea safari njema. Akanywa maji ya mfereji, akasema hayo ni ya Mungu.

Tukirudi nilitapika hapo mbele ya Chuka. Riungu akasema pilau ya Abubakar haijawahi kumfanya mtu hivyo. Sikumwambia.


Ijumaa, 22 Agosti

Sina hamu ya kitu. Mama Riungu ananiangalia tumbo, anadhani ni mimba ingine. Ai!


Jumapili, 31 Agosti

Baada ya kanisa tulikuwa tunamenya viazi, mimi na Mama Riungu. Nikamwambia yote, ya pilau. Nilidhani atasema mama yangu ana maringo.

Akamenya kwanza. Kisha akasema hata mama yake yeye alikuwa anakuja hapa anasimama pale, kwa huo mlango. Anasalimia, anabeba mtoto, mvua ikinyesha ananyeshewa. Baba yake Riungu alichelewesha mbuzi. Mwaka huu, mwaka ujao.

Nikauliza, halafu zilienda? Akasema zilienda. Mama yake alikuwa ashazikwa. Walikula mashemeji.

Akasema usimlazimishe. Akirudi nyumbani akijua alivunja, hatalala. Lakini usiache kumwita.

Akaniwekea viazi viwili tu kwa sahani leo. Sikumwomba.


Alhamisi, 4 Septemba

Nimeuza mayai. Kuku ni wangu, nilinunua na pesa nilipata kuvuna kwa jirani. Mayai ni yangu basi. Hizo pesa hazina mguu wa Riungu. Nimezifunga kwa leso peke yake.


Jumanne, 9 Septemba

Embu tena. Wacha niandike polepole, nataka kuikumbuka.

Huko Nkubu nilikunywa uji, kwa sababu niliutaka. Weita yule yule! Akasema leo umeamua haraka.

Mama alikuwa amefika kabla yetu, ameketi pembeni, ana mkebe umefungwa na kitambaa. Nikamwambia kwa haraka, leo ni mimi nanunua, ni pesa ya mayai, kuku ni wangu. Nilikuwa nimejipanga kama wakili.

Akafikiria. Nikaona anafikiria kweli, anataka iwezekane. Halafu akauliza, na hao kuku wanakula mahindi ya nani?

 Mahindi ni ya Riungu.

Akacheka, nikacheka, Aminah naye akasimama akauliza kuna nini. Mama akamwambia, huyu anataka kunilisha na kuku wa kuazima. Aminah akasema basi mama nikupe chai mimi, mimi si mkwe wako. Mama akamwambia asante binti, chai yako nitakunywa siku nimekuja kwako. Nilikuja hapa kwa huyu. Nikinywa kwako yeye akiwa hapo atabaki akiangalia.

Akafungua mkebe.

Githeri ya mbaazi. Ya chungu. Bado ina moshi. Aliamka saa ngapi kuipika sijui, hakusema.

Nikaangalia bango. Aminah akaangalia bango. Mzee Abubakar akapiga kelele kutoka kaunta, Aminah, unangoja nini, leta kijiko! Hiyo bango ni ya vijana wanakuja na chipsi za nje. Chakula cha mama mtu si cha nje.

Nikala. Yaani sijui niandikeje. Mate yalikuja kabla sijafungua mdomo. Nilitafuna polepole, mbaazi moja moja karibu. Katikati nikasimama kama Sista alivyosema, nikasikiliza, na tumbo likasema endelea. Nikaendelea. Halafu kukafika mahali — sijawahi kupasikia — pakatulia. Hakuna mtu aliniambia ongeza, hakuna aliniambia maliza. Nilijua tu. Nikaweka kijiko.

Mama akasema umeshiba. Hakuuliza. Nikasema nimeshiba. Tukakaa hivyo.

Ndipo nikasikia tumbo lake. Liliongea, kwa nguvu, mpaka Mwendwa akiwa hapo mapajani akageuka kuangalia. Nikamsukumia mkebe, nikasema mama kula, ni chakula chako mwenyewe! Akasema hicho nilikuletea. Nikikila mbele yako nitakuwa nimekunyang'anya. Mimi nilikula nyumbani.

Hakuwa amekula. Amesafiri na mkebe mzima mapajani kutoka Kiritiri na hakuonja.

Yeye anaweza kunilisha. Mimi siwezi kumlisha. Nimekuwa mama na bado ni yeye tu anatoa.

Akabeba mkebe ulivyobaki, akasema ni ya baba yako. Nikauliza baba anajua unakuja? Akasema anajua mbaazi zinaisha haraka siku hizi, hajauliza kwa nini.


Jumatano, 10 Septemba

Maziwa yamejaa leo mpaka blausi imelowa. Mwendwa amenyonya akalala na mdomo wazi. Nashangaa. Sahani moja ya githeri!


Jumatano, 24 Septemba

Nimeongea na Riungu. Nilimngoja amalize kula, nikamwambia mama anashinda njaa Embu kwa sababu yangu. Kwa sababu yetu.

Alichokora meno kwanza. Akasema unadhani sijui? Unadhani mimi nikisimama pale mlangoni na kofia nasikia vizuri? Akasema viazi hivi vikitoka, mbuzi zinaenda, hata kama tutalala njaa. Ameshaongea na mjomba wake Mbae awe msemaji. Nimemwamini. Lakini viazi ndio vimetoa maua.

Mama amepiga pia. Mvua iko karibu kule kwao, mawingu yameanza kukaa upande wa Kiambere. Akipanda mbegu hatatoka tena mpaka palizi iishe, na baba anauliza maswali. Akasema tuonane mara moja tu kabla ya mvua, nimwone mume wangu.

Mara moja tu.


Jumatano, 1 Oktoba

Kesho. Nimefua nguo za Mwendwa zote. Mama Riungu amechagua ile suti ya njano, akasema nyanya yake wa huko kwenu Mbeere amwone akiwa amevaa. Akataka kunipa viazi nimpelekee. Akavirudisha chini mwenyewe. Akasema pole, nimesahau.

Nafikiria nitakula nini kesho. Si ati nina uroho. Nataka tu nijue kabla weita hajaja.


Alhamisi, 2 Oktoba

Naandika hapa hapa hotelini kwa Abubakar, kwa hii meza ya pembeni, mkono mmoja. Mwendwa yuko mapajani anavuta kalamu. Lazima niandike sasa.

Mama alikuja mikono mitupu. Mkebe hakuna. Akasema mbaazi zimeisha, zile zimebaki ni za mbegu. Alisema kama mtu anasema jua linawaka tu. Midomo yake imekauka. Amekonda zaidi ya juzi, ama ni mimi naona zaidi.

Leo nilikuwa na njaa. Njaa ya kweli, ile yangu. Tulitoka mapema, Nkubu hatukusimama kwa sababu Riungu alikuwa anakimbiza mzigo, na huyu amenyonya njia nzima. Lakini nikasema siagizi. Nitakulaje yeye akiniangalia?

Mama akasema agiza. Nikasema sina njaa. Akasema Gatakaa, mimi ndio nilikuzaa, usinidanganye na tumbo nililijua kabla yako. Huyu mtoto atanyonya nini, heshima? Kula. Mimi nikikuona umekula ninaenda nyumbani na mwili mwepesi.

Aminah akaja. Sikusema “chochote”, na sikusema “ngoja”. Nikasema ugali, mboga ya managu, na maziwa lala. Nikashangaa imetoka haraka hivyo. Aminah akasema leo mama Mwendwa amejua anachotaka.

Nikala. Ilikuwa tamu na nilikuwa naona aibu kwamba ni tamu. Mama alikuwa amemshika Mwendwa kwa meza, akimwimbia, akimuuliza, mume wangu, utaniletea mbuzi ngapi, wewe? Ama utanitorosha bure kama baba yako? Mimi nikacheka na ugali mdomoni. Mzee Abubakar akacheka huko kwa kaunta. Mama mwenyewe akacheka, mdomo wazi kabisa, na lile pengo lake.

Mwendwa akaweka mkono kwa sahani yangu. Akachukua ugali, na managu kidogo imeshikana. Nilidhani ni yake. Akainua mkono, akaweka yote kwa mdomo wa mama. Akasukuma na vidole, vile mimi humlisha.

Mama akafunga mdomo.

 Aminah alisimama na trei. Mama aliniangalia, shavu limejaa, macho yamekuwa makubwa kama ya msichana ameshikwa. Hakutafuna. Hakutema. Nilitaka kusema mama, huyo ni damu yako, huo mkono ni wako pia. Nilitaka kusema mama, tema basi kama itakusumbua, sitaona vibaya.  Mwendwa akampigia makofi.

Akanipa mtoto. Akasimama polepole, akajifunga leso, akaenda huko nyuma kwa mfereji wa kunawa. Kutoka hapa naona mgongo wake tu, ile sweta ya kijani. Maji anayafungulia, nayasikia. Ameinama, ametema ama amemeza sijui. Hajageuka.

Riungu amemaliza kuteremsha viazi, amesimama mlangoni na kofia, ananiuliza kwa macho kama twende. Nimemwonyesha na mkono, ngoja.

Mwendwa anachukua tonge ingine.